Dawati la Pingamizi

Ofisini walimwita Bwana Pingamizi, na kichekesho kilikuwa hapo hapo, maana katika jengo lile zima la ghorofa nne hakukuwa na mtu mpole kumshinda. Ukimkanyaga mguu kwenye ngazi, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Jina lilitokana na kazi, na kazi yenyewe haikuwa ya kumwonea mtu wivu.

Ilikuwa hivi. Kampuni ya ng'ambo ikitaka kuutunza msitu usikatwe, kisha iuze nje zile tani za hewa ukaa ambazo miti imezishika, haiwezi kujiamulia tu kama vile iko kwao. Huanza na andiko fupi, ikapewa barua ya kuiruhusu kupima na kuzungumza na wanakijiji. Ikirudi na ramani na makubaliano, tangazo hubandikwa kwa siku thelathini, ili mwenye neno lake alilete. Siku zikiisha kamati hukaa, na ikiridhika, waziri hutia saini barua ya idhini. Tangu hapo tani zile huhesabiwa kwa mnunuzi huko aliko, na nchi huzifuta kwenye hesabu zake. Mstari uliochorwa kwenye ramani hukaa vile vile miaka thelathini.

Zile siku thelathini za matangazo ndizo zilizokuwa zake. Dawati lake liliwekwa mwisho wa ukumbi wa chini, kati ya chumba cha majalada na choo, na viti viwili: chake, na cha mwenye pingamizi. Katika miaka sita wamekikalia kile kiti watu watano, na watatu kati yao walikuwa wakingoja choo kiwe wazi. Watu wa misituni wangejuaje? Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi na kuchapishwa katika gazeti la serikali, na mimi bado sijaonana na mkulima anayesoma gazeti la serikali.

Nyumbani hali haikuwa tofauti sana. Mkewe alifariki, binti yao aliolewa mbali na hupiga simu mwisho wa mwezi, dakika tatu, nne akiwa na nafasi. Alipanga chumba kimoja chenye jiko la mafuta na dirisha linalotazama ukuta. Saa nne za asubuhi, wenzake walipopanda juu kunywa chai, yeye aliinywa mezani pake kutoka kwenye chupa yake. Hakuna aliyemfukuza huko juu. Siku ya kwanza alikosa kiti, akaona haya kurudi siku ya pili, na haya ikiachwa miaka sita huwa ni tabia. Alikuwa mpweke, na alijua.

Siku ya ishirini na tisa ya tangazo moja, akaja mama mmoja mfinyanzi. Alikuwa mtu wa makamo ya juu, amefunga kanga kiunoni, kucha zake zina udongo usiotoka kwa sabuni. Alikuwa amelala njiani usiku mmoja.

"Hodi hapa. Nimeambiwa ndipo wanapopokea maneno ya msitu."

"Karibu, mama. Ndipo. Kaa, kaa." Akakifuta kile kiti kwa kiganja, na moyo ukamwenda mbio kama wa bwana harusi.

Yule mama akaeleza bila kuzunguka. Ramani ya mradi imekata bondeni, na bonde ndiko kwenye udongo wake. Mama yake alichimba pale, na bibi yake. Kuni za kuchomea vyungu huokota pale pale, matawi makavu tu. Mradi ukipita, ndani ya mstari hakuna kuchimba wala kuokota.

"Na wenzio kijijini wanasemaje?"

"Wameahidiwa madarasa mawili na zahanati. Wamesaini wote. Mimi sikatai madarasa, baba. Nasema wausogeze mstari, hatua mia mbili tu, waniachie udongo wangu. Sasa naonekana nuksi. Hata salamu siku hizi naitikiwa nusu."

"Umekuja na barua?"

"Ningejua kuandika ningekuja huku?"

Wakacheka wote wawili. Bwana Pingamizi akachukua karatasi. Alipofundishwa kazi hii aliambiwa kwamba asiyejua kuandika aandikiwe na mpokeaji, na hakuwahi kupata nafasi ya kufanya hivyo. Basi akaandika. Aliandika ukurasa na nusu, akamsomea, mama akamrekebisha mahali pawili, akaweka dole gumba. Kisha akammiminia chai yake kwenye kifuniko cha chupa, wakazungumza karibu saa nzima: udongo unavyokandwa, chungu kinavyopasuka motoni kikiwa na kokoto moja tu. Alipoondoka, Bwana Pingamizi alimsindikiza hadi kituo cha basi, na akarudi akipiga mluzi. Mlinzi wa getini akamtazama mara mbili.

Wiki mbili baadaye katibu wa kamati, mwanasheria kijana, alishuka mwenyewe na ile karatasi mkononi.

"Mzee wangu, hili pingamizi limeandikwa na nani?"

"Na mimi. Mwenyewe hajui kuandika."

Katibu akakaa. Alikaa kwenye kile kiti taratibu, kama mtu anayetaka kutoa habari za msiba.

"Waraka ulibadilika miezi mitatu iliyopita. Mtumishi wa ofisi hii haruhusiwi tena kumwandikia mtu. Anatakiwa mtu wa nje aandike, na mashahidi wawili. Mawakili wa kampuni wameliona hilo siku ya kwanza tu. Kamati imelitupa."

"Waraka gani? Mimi sikuuona."

"Ulitumwa kwenye kundi la simu la ofisi."

"Kundi gani?"

Katibu akatoa simu yake, akapitisha kidole kwenye majina, moja baada ya jingine, hadi mwisho. Watu thelathini na wanane walikuwemo, hata dereva aliyestaafu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwingiza.

"Samahani sana, mzee," alisema, na kwa kweli aliona aibu. "Bado ana rufaa, siku kumi na nne. Fomu ni hii hapa. Masharti ni yale yale: asiandike mtumishi, na mashahidi wawili wasio ndugu zake wala watumishi wetu."

Barua ya kukataliwa ilipaswa kutumwa kwa posta. Bwana Pingamizi aliifikiria ile bahasha ikifika kijijini, na mama akihangaika kutafuta wa kumsomea miongoni mwa watu wanaomwitikia nusu. Jumamosi akapanda basi na barua mfukoni.

Alimkuta uani, anapanga vyungu vibichi kivulini. Mama alipomwona akafurahi mno, akainuka huku anajifuta mikono.

"Umekuja mwenyewe! Basi ni heri."

"Si heri, mama."

Akamsomea. Halafu akasema lile alilolifikiria tangu alipopanda basi. "Ni mimi niliyeiharibu. Wewe hukukosea popote. Ningekuambia urudi kesho yake na watu wawili wa nje, ungesikilizwa."

Mama alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, na Bwana Pingamizi alisimama pale akingoja atukanwe. Badala yake akaulizwa.

"Ofisi nzima ile, baba, hukuwa na hata mtu mmoja wa kukwambia sheria imebadilika?"

"Sikuwa naye."

"Haya. Kaa. Tufanye hiyo rufaa. Inataka nini?"

"Mwandishi na mashahidi wawili. Mwandishi anaweza kuwa mmoja wa hao mashahidi, katibu kaniambia. Basi ni watu wawili tu."

"Wawili tu," mama akarudia. Akatazama nyumba za jirani, moja moja. "Huyu kasaini mradi. Yule ndiye mwenyekiti. Yule pale tulilea watoto pamoja, lakini mkwewe kaahidiwa kazi ya kulinda msitu. Hapa hakuna. Tafuta huko kwako mjini. Mwenye nyumba wako?"

"Kodi namtumia kwa simu. Nimemwona mara moja."

"Jirani?"

"Huhama kila baada ya miezi michache. Sijui yupi yupo sasa."

"Mwenye duka unaponunua mkate?"

"Ananijua sura."

"Basi kinyozi wako. Kinyozi humjua mtu."

"Najinyoa mwenyewe, mama."

Mama akamtazama, na hasira yote ikamtoka usoni. Akaingia ndani akamletea maji ya kunywa.

Mjini alijitahidi, na nitamtetea kwa hilo mbele ya yeyote. Yule mtu wa mdomo mzito alibisha milango ambayo kwa miaka tisa aliipita tu. Mwenye duka alisema yeye na karatasi za serikali ni mbali mbali. Mwanamke wa chumba cha pili alimjibu kupitia mlango uliofungwa. Mlinzi wa getini angekubali, lakini ni mtumishi. Siku ya kumi na tatu, fundi cherehani wa kona ya mtaa alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mkasi chini, akaandika rufaa yote kwa mwandiko wa kulalia upande, akasaini.

"Unaishi wapi, mzee?" fundi akauliza.

"Hapo, nyumba ya tatu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

Fundi akacheka akidhani anataniwa, kisha akaona hataniwi.

Siku ya kumi na nne Bwana Pingamizi alikaa kwenye ukumbi wake hadi ofisi ilipofungwa, fomu iko mbele yake, ina jina la shahidi mmoja. Aliipokea hivyo hivyo, akaigonga muhuri, akaandika tarehe. Kamati iliirudisha kwa kupungukiwa shahidi mmoja. Mwezi uliofuata barua ya idhini ilitoka, ikisindikizwa na ramani, na mstari ulipita pale pale bondeni.

Jumamosi alipanda tena basi, maana na hii ilihitaji kusomwa.