Maharage ya Mama Mlimani na Bondeni

Zafira alizaliwa, akaolewa na akafiwa na mumewe katika kijiji kile kile cha milima ya Rodopi, nchini Bulgaria, ambako hata Julai ukungu hukawia kuondoka. Sifa yake ilikuwa maharage: meupe, mapana kama kidole gumba, yenye ganda laini lisilosumbua meno. Mbegu alizirithi kwa mama yake, na mama alizirithi kwa bibi.

Mdogo wake, Rusana, alipoolewa bondeni karibu na Plovdiv, Zafira alimfungia mbegu hizo kwenye kitambaa. Ziliota vizuri mno. Zikatambaa hadi juu ya paa la banda, zikajaa maua, kisha maua yakapukutika yote bila kuzaa. Mume wa Rusana akawa anamtania kwamba shemeji kawapa maua ya kulia mkate. Mwaka wa pili, mambo yakawa yale yale. Rusana akapiga simu.

"Dada, kama hukutaka kunipa si ungesema? Hizi mbegu umezipitisha jikoni."

"Mbegu iliyochemshwa inaota wapi, wewe? Labda mkono wako ndio mbovu."

Neno hilo lilichoma. Miaka ikapita, wakawa wanakutana mazikoni tu, wakisalimiana kama wapita njia.

Kisha mvua ya mawe ikalipiga shamba la Zafira maharage yakiwa bado machanga. Alipopanda darini kutazama mbegu za akiba, akakuta fukusi wamezitoboa zote. Majirani walimletea za kwao. Alipokea, akashukuru, akafunga mlango akalia, maana maharage ya mama yake yalikuwa yamekwisha.

Habari zilishuka bondeni. Majira ya kuchipua yalipofika, Rusana akatokea mlangoni na kikopo. Ndani mlikuwa na maharage madogo, magumu, yaliyokunjamana.

"Haya ndiyo ya mama?" Zafira akauliza. "Mbona kama mavi ya mbuzi?"

"Ni ya mama, dada. Nimeyapanda kila mwaka kivulini, nyuma ya nyumba. Joto likipungua, Septemba, ndipo yanaposhika maganda mawili matatu. Nilitaka uone mkono wangu si mbovu."

Zafira akamkaribisha ndani. Alimpikia chai ya mlimani, wakachimba na kuyapanda pamoja, wakasimika miti ya kutambalia.

Kiangazi kile maua hayakupukutika. Baridi ya asubuhi iliyatunza, yakashika maganda mazito, na walipoyapasua wakati wa mavuno maharage yalitoka meupe na mapana, kama aliyokuwa akipika mama yao. Kumbe muda wote ule bondeni mbegu haikusahau asili yake. Ilikosa hewa yake tu. Zafira akaishika mikono ya mdogo wake, yenye udongo.

"Ilikuwa jua la kwenu, si mkono wako. Nisamehe. Na asante, Rusana. Usingekuwa mkaidi, leo ningekuwa na mikono mitupu."

"Ukaidi nao ni wa mama," Rusana akasema.

Siku hizi Zafira hupanda pilipili hoho anazoletewa na mdogo wake. Bondeni zinaiva nyekundu kama damu. Kwake hubaki kijani mpaka theluji inabisha hodi. Halalamiki. Huzitia kwenye siki zikiwa kijani vivyo hivyo, na kila anapofungua chupa humwombea Rusana maisha marefu.