Redio Ilitangaza Msiba wa Jirani, Mimi Nikaizima

Msinihurumie. Nilikosa, tena nilikosa kwa makusudi, macho makavu kabisa. Naandika humu gazetini kwa sababu kanisani nimeshasema na haikusaidia kitu.

Jirani yangu nitamwita Mama Majura, ingawa si jina lake. Wote tuliolewa Bugwema, na mashamba yetu ya pamba yalikuwa yanapakana.

Nyie wa siku hizi mna maredio kila chumba, mnafungulia miziki mpaka kuku wanakimbia. Betri zimejaa madukani kule Iringo mjini, mtu anachagua hadi rangi! Miaka ile ya taabu betri hakuna, sabuni hakuna, nguo tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Betri zikichoka tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Kijijini redio zilikuwaga mbili tu, na ya mwalimu mkuu ilikuwa imekaa kimya tangu msimu wa pamba wa mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo ikifika saa ya matangazo ya vifo, watu walikuwa wanajaa uani kwangu. Mabasi hayana mafuta, barua inafika marehemu ameshazikwa na matanga yameshaanuliwa. Redio ndiyo ilikuwa inakuambia mama yako amekufa. Hakuna mtu aliyethubutu hata kukohoa mpaka yaishe.

Sasa, mume wangu alikuwa anafanya kazi kiwandani Musoma mjini. Akapata katoni moja ya sabuni, nikaificha chini ya muhogo mkavu. Wiki haikuisha, balozi wa nyumba kumi akaja na mgambo wawili, moja kwa moja mpaka kwenye muhogo. Sabuni wakachukua, mume wangu akalala mahabusu siku sita kama mlanguzi, maana miaka ile kuficha katoni ya bidhaa ilikuwa kosa!

Aliyeniona naificha ni Mama Majura peke yake. Nilimchukia mwanamke yule mpaka nikawa nikisikia sauti yake chakula kinanishinda.

Redio nikaiingiza chumbani. Nikawaambia watu betri zimechoka, redio inasikika kwa kutega sikio tu, nitasikiliza mwenyewe na kuwaletea habari. Wakakubali. Mimi mama wa kwaya, nani angenishuku?

Mchana mmoja, watu wote wako kwenye pamba, nikasikia. Mama mzazi wa Mama Majura amefia hospitali Mwanza, mazishi kesho kutwa nyumbani Kiabakari. "Habari zimfikie binti yake wa pekee." Likatajwa jina lake, likatajwa jina la Bugwema. Nikazima.

Yaani nilizima! Hata sikungoja liishe.

Nikatoka kwenda shamba. Mama Majura alikuwa upande wake, anachuma pamba huku anaimba. Aliponiona akaita, "Jirani, leo wametangaza wa wapi?"

Nikamjibu, "Wa Tabora huko, na wa Mtwara. Wa huku kwetu hakuna."

"Mungu ashukuriwe," akasema, akaendelea kuchuma. Angeanza kutembea saa ile ile angewahi. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, na moyoni nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Kama mnataka kunitukana, nitukaneni hapo.

Siku ya tano kaka yake akafika na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Wala hakusalimia.

"Ulikuwa wapi wewe? Tumekutangaza mara tatu! Mama tulimweka mpaka akaanza kuharibika, tunakungoja wewe, ndipo tukazika!"

Mama Majura akapiga yowe pale pale. Kilio kilipopungua akasema hakutangazwa. Akamvuta kaka yake mpaka mlangoni kwangu. "Huyu ndiye anasikilizaga kila siku. Muulize! Jirani, mwambie."

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Nikasema, "Haki ya Mungu, jina hilo sijalisikia."

"Umeona?" Mama Majura akamgeukia kaka yake. "Mmemzika mama yangu kwa siri, halafu mnakuja kunidanganya!"

Yule mwanaume akapanda baiskeli yake. "Kuanzia leo mimi sina dada," akasema, akaenda. Wakaishi hivyo miaka na miaka, watoto wa huyu hawajui watoto wa yule.

Kaka akaja kufa naye. Wakati huo redio ziko kila nyumba, wote tulisikia, na Mama Majura alisikia kwa masikio yake. Hakwenda. "Walimzika mama bila mimi, na huyo wamzike bila mimi."

Ndipo nikaanza kukosa usingizi. Nikasimama kanisani, siku hizi kuna vipaza sauti vikubwa kama makabati, nikalia, wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniambia, "Dada, umeshaoshwa, yaache." Nimeoshwa mimi! Na Mama Majura ameoshwa na nani? Upuuzi mtupu!

Mwezi uliopita nikamfuata Bunda sokoni, anakouza mitumba siku hizi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, sabuni, redio, kiapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Hata kitenge nilikuwa nimekifunga vizuri.

Hakunipiga. Sabuni hakuitaja kabisa. Aliuliza kitu kimoja, "Jina langu walilitaja?"

"Walilitaja."

Akakaa chini juu ya robota la nguo. "Kwa hiyo kaka yangu alikuwa anasema kweli," akasema. Akalirudia tena hilo hilo, halafu akaanza kumlilia kaka yake kwa jina, mbele ya wateja, kilio cha msiba wa siku ile ile. Wanawake wa meza za jirani wakaja wanauliza nani amefariki. Mimi nikaondoka.

Wewe unayesoma hapa na una jirani humsalimii, endelea kumnunia, sikuzuii. Lakini ukiwa na habari yake, mpelekee. Mtupie hapo mlangoni, geuka uende zako, hata asante usingoje. Ukiificha, utakuja kuitoa siku ambayo haina tena wa kumsaidia.