Kimya cha Baba Mkwe

Tulihama West Side, mtaa wa mjini Buffalo, kuja huku mashambani, nje kabisa ya mji, kwa sababu mke wangu alitaka kufuga mbuzi. Waya wa intaneti unaishia kwenye njia panda, maili mbili kabla ya kufika kwetu. Kampuni iliniambia nisubiri, nami nimesubiri hadi nimechoka. Tunatumia kisanduku cha dirishani kinachonasa mawimbi ya mnara wa simu, nacho kina kiburi kunishinda: upepo ukivuma kidogo tu, kinapoteza mtandao.

Ndicho nilichokitegemea siku ya posa ya binti yangu. Yeye alikuwa Louisville anakofanya kazi. Wakwe walikuwa Columbus, na msemaji wao alikuwa babu wa kijana anayemposa, mzee asiyeweza tena kusafiri. Tukapatana kukutana kwa video, Jumamosi mchana. Nilivaa suti. Mke wangu alikaa akikodolea macho taa za kisanduku.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Kisha babu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, "Bon, papa, huyu mutoto mutatupatia?"

Kwetu baba hadakii swali hilo. Akijibu papo hapo, ataonekana alikuwa akitafuta pa kumtupia mtoto. Baba yangu alinyamaza kwanza kwenye posa za dada zangu wote. Nami nikanyamaza, nimekunja uso, najiona mtu mzima kwelikweli. Kisha nikasema, "Tunawapa."

Kwenye skrini hakuna aliyetikisika. Mke wangu akaniambia taa imekuwa nyekundu, mtandao umekatika.

Huko Columbus walikuwa wakitazama uso wangu uliokunjwa, umeganda. Nilijaribu simu, nayo haikushika. Nikawasha gari, nikakimbilia njia panda. Nilipofika tu, simu ikaita. Alikuwa binti yangu.

"Papa, umenikatalia? Babu ameshaomba kofia yake."

Niliona aibu. Ningeweza kuusingizia mtandao, lakini lile neno nililichelewesha mwenyewe, kwa majivuno. Nikamwambia awazuie wasiondoke kwenye video, aniunganishe nao hapo hapo.

Nyuso zilipotokea kwenye simu, babu alikuwa amesimama, kofia kichwani. Hakunisalimu. Akasafisha koo, nami sikumsubiri.

"Tunawapa," nikasema. "Mtoto ni wenu."

"Bon, papa," babu akasema, "hatuyakuuliza bado." Kweli, alikuwa hajanirudia swali.

Binti yangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, sikujua analia au anacheka. Nikarudia tena kusema tunawapa, kabla upepo haujavuma.