Lori la Sebuleni

Jirani yangu, dereva mstaafu wa lori, siku hizi huendesha sebuleni, kwenye mchezo wa lori wa kompyuta ya mjukuu wake. Haondoki mpaka avae viatu. Kwenye kona mwili wote hulala upande, na akiitiwa chai hujibu, “Ngoja niegeshe kwanza, mama.”

Mkewe humsuta: “Tangu asubuhi uko njiani, baba, na hata mlangoni hujafika.”

Jana mkewe alikuwa ameketi kushotoni kwake akichambua maharage, mara ng'ombe akakatiza barabara kwenye kioo cha kompyuta. Mzee akakanyaga zulia kwa nguvu zote, na mkono wake wa kushoto ukaruka kumkinga mkewe kifuani. Maharage yakatapakaa sakafuni.

Leo nimemkuta mkewe kwenye kiti kilekile cha kushoto, naye amevaa viatu vyake vya safari.