Pikipiki ya Miguu Mitatu kwenye Barabara ya Leparua

Nimeendesha pikipiki ya miguu miwili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mwaka huu nimeanguka mara mbili, zote kwenye mchanga, zote nikiwa karibu kusimama. Goti la kushoto halishiki tena. Hiyo ni kweli na siikatai. Lakini binti yangu alipochukua ufunguo akauficha, kisha mume wake akaja na habari ya pikipiki ya miguu mitatu, niliona kama wawili hao walikuwa wameongea kwanza.

"Baba, ukiiweza hiyo, endesha," binti akasema. "Usipoiweza, ile ya zamani inauzwa. Utakuwa unabebwa."

Kubebwa maana yake ni kungoja. Mbuzi wetu wako Leparua kwa dada yangu mkubwa, na mimi huenda huko siku nikiamka nikitaka. Mtu wa kubebwa huenda siku mwenye kumbeba ana nafasi. Nilijua hivyo, na wao walijua kwamba ninajua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kiwanjani, aliyekuwa akibebea mitungi ya maji. Alitaka kuiuza, akakubali tuijaribu kwanza.

"Salaam aleikum, mzee wangu."

"Aleikum salaam."

"Hii haina fitina." Akaipigapiga tangi kama mtu anayempiga ngamia shingoni. "Hii imetulia."

Hapo ndipo wasiwasi ulipoingia. Neno hilo nimelisikia miaka mingi kwa soko ya mifugo. Dalali akikuambia ng'ombe wake ametulia, angalia kama anacheua. Mnyama mzima hatulii sokoni, katikati ya vumbi na fimbo. Anayetulia ana homa, au amenyweshwa maji mpaka tumbo limemlemea. Nikaizunguka ile pikipiki, nikainama kutazama chini, nikatikisa tairi moja moja. Sikuona ubaya. Niseme haki: sijui kama nilijua ninachotafuta.

"Unatafuta meno, mzee?" mwenyewe akaniuliza.

"Natafuta mguu wa nne. Kwetu mwenye mitatu tunamwita kilema."

Akacheka. Mkwe wangu naye akacheka, kidogo kuliko mzaha ulivyostahili, au zaidi, sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba sikukipenda kicheko chake.

Mkwe akapanda kwenye bodi ya nyuma, pale mitungi hukaa, nami nikashika usukani. Kwenye lami ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Nikisimama, inasimama, goti halikuulizwa chochote. Tulipoiacha lami mambo yakabadilika. Malori yamechimba mifereji miwili kwenye barabara ile. Pikipiki ya kawaida huchagua mfereji mmoja ikaufuata, au hupita juu ya mgongo wa katikati. Hii haichagui. Tairi zake za nyuma zimekaribiana kuliko za lori, kwa hivyo moja ikishuka mferejini nyingine hupanda mgongo, na wewe dereva unakaa upande kama mzigo uliofungwa vibaya kwa punda. Mikono ikaanza kuuma. Nikajiambia ni barabara. Halafu nikajiambia ni uzee. Hata leo sina hakika.

Karibu na laga, ule mto wa mchanga usio na maji, kundi la mbuzi likakata barabara. Nikapunguza mwendo. Na mguu wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukatoka ukakanyaga chini, kama ulivyozoea miaka yote. Lakini pikipiki ilikuwa bado inatembea, na nyuma ya mguu wangu safari hii kulikuwa na tairi.

Sasa, kwetu mkwe hampigii kelele baba wa mke wake. Hamwamuru, na hawezi kumwita "wewe". Hukohoa kwanza. Nikasikia kikohozi.

"Baba, samahani," akasema, "naomba niseme kitu."

Nikangoja aseme. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Wewe, toa mguu!"

Nikauinua. Tairi ikagusa kisigino cha kiatu, ikapita.

Nikasimamisha. Mbuzi wakavuka wote, mchungaji wao akatusalimu. Mkwe alikuwa ameangalia chini. Neno kama hilo kwetu huombewa msamaha mbele ya watu. Nilikuwa nimekasirika, na mguu wangu ulikuwa mzima, na sikujua nianze na lipi. Tena nikafikiri vibaya: labda neno hilo alikuwa nalo siku nyingi, likapata tu mlango wa kutokea.

Tuligeuza hapo hapo. Nyumbani binti alikuwa anatungoja.

"Haya, imekuwaje?"

"Baba ameiweza," mkwe akasema haraka.

Ningenyamaza, ningepita mtihani. Lakini isingekuwa haki, maana miguu ni yangu na aliyeniuliza ni mtoto wangu. Nikamweleza: kwa goti, inafaa. Kwa mifereji ya malori, haifai, labda ukienda polepole sana. Na kwa mtu aliyezoea miguu miwili, inaweza kumla mguu, kwa sababu karibu inile wangu.

"Na ni nani aliyekuambia uuinue kabla haujaliwa?"

Mkwe hakuinua macho.

"Niliona mwenyewe," nikasema.

Binti alitutazama, mmoja, halafu mwingine. Kisha akatoa hukumu: wataichukua, na nitaendesha mimi, lakini barabara ya Leparua sipiti bila mume wake kukaa nyuma, mpaka mguu wangu uzoee.

Kwa hivyo siku hizi ninayebeba ni mimi, na anayengojewa ni anayebebwa. Nashuku ndivyo walivyopanga tangu mwanzo. Wiki iliyopita nilitaka kwenda kuona mbuzi waliozaa, nikampigia mkwe simu, akasema ana kazi. Nikatembea mpaka anapofanya kazi, nikachungulia. Alikuwa na kazi kweli.