Vikombe Vilivyomfukuza Mama Mdogo Shambani

Nimestaafu kabla sijaota ndevu za maana, kwa hiyo nyie mnaotafuta vibarua vya watafiti sogeeni, babu yenu niwasimulie.

Siku ya kwanza, kule kijijini Ruponda, Bwana Mtafiti alinikabidhi jembe na vikombe vya plastiki. Kazi ni kunasa wadudu wanaotembea chini: sisimizi, buibui, mende. Unafukia kikombe mpaka mdomo wake ulingane na udongo. Ukizidi kidogo tu, mdudu anazunguka anaenda zake. Ndani maji ya sabuni, azame. Juu kisahani cha kukinga mvua. Vikombe viachane mbali, visigombanie wadudu. Pa kuchimba panaamuliwa kwa kura, maana ukichagua mwenyewe utachagua penye kivuli. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ulianza tulipohamia Mbekenyera, msimu wa korosho, kulinganisha mashamba yaliyopigwa dawa na yasiyopigwa. Kura ikaangukia shamba la mama yangu mdogo, Bi Somoe. Bwana Mtafiti akasimama mbele ya wanakijiji akatangaza kwamba tumeshatega mashamba yao. Tumetega. Kwetu kumtega mtu ni kumfukia uchawi ardhini, auruke, aumwe, afe.

Nikamwomba bosi amwite Bi Somoe akichungulie kikombe, ikibidi akifukie kwa mkono wake.

"Dogo, mimi nimekuja kuhesabu wadudu," akasema. "Uchawi wenu malizaneni wenyewe."

Nikaenda peke yangu. Mama mdogo hakunitandikia hata mkeka.

"Wewe nimekubeba mgongoni," akasema. "Leo unanitega?"

Nikajitolea kuyanywa yale maji ya sabuni mbele yake. Akasema mwenye uchawi wake lazima ana kinga. Jamani, nimeishia darasa la saba, kinga ningeitoa wapi?

Hakukanyaga shamba msimu mzima, na vibarua wakamkimbia. Korosho zikalala chini mpaka mvua ikazikuta, zikaota. Mabibo yakaoza, wadudu wakafurika vikombeni. Bwana Mtafiti akachungulia, akatabasamu.

"Hili ndilo shamba zuri kuliko yote," akasema.

Chakula cha mwaka mzima cha watoto wa mama mdogo kinaota majani, yeye anatabasamu. Nikalitupa jembe miguuni pake, nikaondoka. Ndiyo sherehe ya kustaafu kwangu.

Nyie mtakaoifanya kazi hii, kikombe cha kwanza akifukie mwenye shamba. Bosi akikataa, mwacheni achimbe mwenyewe.

Idi iliyopita nilimpelekea mama mdogo sukari. Akapokea, akashukuru vizuri, akaiweka nje ya mlango. Watoto wakakatazwa kuisogelea.