Khanga ya Kilo Tisa na Nusu

Kaa hapa nikusimulie, na ukitaka kucheka cheka tu, maana aibu yenyewe nimeshaanza kuizoea.

Niliandika draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewa kinachotoka kwenye kifaa kupitia waya wa USB, na kifaa chenyewe kilikuwa mizani ya watoto ya zahanati moja upande wa Shelui. Kila ujumbe wa mizani huanza kwa kutaja urefu wake: nina baiti nane, yaani vipande vidogo nane vya data. Nilikuwa nimeweka ukaguzi wa kuhakikisha kwamba nane zimefika kweli, lakini siku ya majaribio ukawa unakataakataa, nikaufuta (nikajiambia mizani ni yetu wenyewe, itanidanganyaje).

Siku ya kliniki akina mama wamejaa kwenye benchi, akapimwa mtoto mmoja mnene, kilo tisa na nusu, akafuata mjukuu wa bibi mmoja, kioo cha kompyuta kikaandika kilo tisa na nusu. Sista, muuguzi wa zamu, akashika kalamu ajaze kadi.

"Usiandike," bibi akasema. "Huyu namfunga mgongoni kila siku. Amepungua."

"Shikamoo bibi," nikaingilia, kwa ule upole wangu wa kufundisha. "Mashine haina upendeleo. Mtoto ana afya, tumshukuru Mungu."

"Marahaba. Basi pima na hii." Akavua khanga ya begani, akaiweka kwenye mizani.

Kilo tisa na nusu.

Benchi zima likaangua kicheko. "Fundi, na mimi nipimie leso yangu," mmoja akasema. Sista hakucheka, alikuwa ananitazama, na mimi jasho linanitoka kwa sababu nimeshaelewa: waya umelegea, mizani inasema baiti nane lakini inaleta mbili, na programu yangu inajazia sita zilizopungua, uzito ukiwa miongoni mwake, kwa zile za mtoto aliyetangulia.

Tukampima yule mjukuu kwa mizani ya kuning'iniza. Kilo sita na robo. Sista akamwandikia barua ya hospitali papo hapo (na mimi nilitaka arudi nyumbani), kisha watoto wote wa asubuhi ile wakarudi kwenye foleni, mimi nikiwavua viatu mmoja mmoja na kuomba radhi.

Bibi akapita akimfunga mtoto mgongoni. "Na khanga yangu nayo ina afya, mjukuu wangu?"



Kwa hiyo wewe unayejifunza kazi hii, usiogope, ila fanya hivi hata kama kifaa ni chako: hesabu baiti zilizofika kabla ya kuzitumia, na ikipungua hata moja, tupa ujumbe wote, futa namba ya zamani kwenye kioo, uandike "pima tena".